Kadi Iliyowekwa Mbele ya Sarafu ya Baba Mkwe

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wakusanyaji Sarafu.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na nyumba yako imetulia. Yangu haijatulia, na ndiyo sababu ya kuandika.

Mimi ni fundi cherehani, mwanachama wenu, yule anayekaa karibu na feni. Kwa maonyesho ya wiki hii niliwaazima sarafu ya fedha ya marehemu baba mkwe wangu, ile yenye buluu katikati na zambarau pembeni, ambayo watu wanainama kuitazama. Alimpa mama mkwe walipochumbiana na, kwa maelezo yake, ilijigeuza rangi yenyewe ndani ya droo, kidogo kidogo, bila kuguswa na mtu. Siku ya harusi yangu aliniita kando, akanionyesha, akasema, "Ndoa ndiyo hii, mwanangu. Iache itulie, rangi itakuja yenyewe." Alikuwa mpima mizani sokoni, mtu ambaye hakuwahi kumpunja mteja hata punje, kwa hiyo nilimwamini.

Sasa mkaguzi wenu, tunayemwita Jicho, ameiweka sarafu hiyo kwenye kabati la kioo, na mbele yake ameweka kadi yenye maneno RANGI SI YA ASILI. Mke wangu ameisoma. Alipomaliza kuisoma akanitazama mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jicho hakunionya. Hata daktari humwita mgonjwa ndani na kufunga mlango kabla ya kumpa habari mbaya. Mimi nilizipata nikiwa nimemshika mke wangu mkono, namwambia, "Njoo uone kitu cha baba yako."

2. Nilipomfuata, alinipa kioo cha kukuzia na kunifundisha kwamba fedha ikigeuka kwa miaka, rangi huja kwa zamu: kwanza manjano, kisha wekundu, kisha zambarau, ndipo buluu, na huanzia ukingoni kwenda katikati. Yetu, anasema, imerukia buluu katikati kama mtu aliyeingia harusini kwa kupitia dirishani. Ndugu Mwenyekiti, tangu lini rangi zikapanga foleni? Mimi ni fundi, nguo nazijua. Shati likiachwa juani hupauka mabegani kwanza, kisha mgongoni, polepole, kwa mpangilio. Ukiona limepauka tumboni peke yake ujue kuna mtu kamwaga dawa. Nimeisoma tena hoja hii na naona inamsaidia Jicho, lakini nimeshaiandika kwa wino.

3. Anadai kwamba chini ya rangi kuna mikwaruzo. Yaani mtu aliisugua sarafu mpaka ikang'aa, halafu akaipika rangi juu yake. Nilimuuliza ni nani huyo. Akajibu, "Mimi nakagua sarafu, sikagui watu." Basi mbona ameandika kadi inayomkagua baba mkwe wangu, tena hayupo kujitetea?

4. Kwa kuwa kipimo ni kipimo, nimemkagua na yeye. Ndevu za Jicho ni nyeusi tii nchani na nyeupe kwenye mizizi, na weusi wenyewe umeshuka hadi shingoni, mahali ambapo hapana ndevu. Kwa sheria yake mwenyewe ya zamu na ukingo, hiyo si asili. Wala simcheki, uzee haupigi hodi. Naomba tu naye awekewe kadi, yenye maandishi ya ukubwa uleule, aivae hadi maonyesho yafungwe. Tukimaliza yeye twende kwa mweka hazina na meno yake, na kwako wewe mwenyewe, kwa heshima zote, na ile sauti unayoitoa ukishika kipaza sauti.

5. Hili ndilo linaloniuma. Ushauri wa baba mkwe nimeufuata neno kwa neno. Sikumharakisha mke wangu kwa zawadi. Sikuichezea ndoa kwa kusifia mapishi yake wala kumshonea gauni, ingawa cherehani iko sebuleni na vitambaa vya watu vimejaa hadi kwenye viti. Niliiacha itulie. Kila alipolalamika nilimwambia asubiri, inageuka. Tangu asome kadi hiyo ana swali moja tu, asubuhi na jioni: "Kama ile ilipikwa, hii yetu nani anaipika?" Naogopa, Ndugu Mwenyekiti, nasema kweli. Na Jumapili mama mkwe anakuja kuiona sarafu.

Kwa hiyo naomba kadi hiyo iondolewe kabla ya Jumapili na iwekwe nyingine yenye maneno ASILI TUPU. Aidha, naomba chama kimwandikie mke wangu barua rasmi, yenye muhuri, kikithibitisha kwamba vitu vizuri huja vyenyewe, na kwamba mumewe si mvivu bali ana subira. Mkitaka niwasaidie kuitunga, niko tayari.

Naweka kalamu chini kwa heshima, na kinyongo kidogo. Nisalimie mkeo, mweka hazina, mama anayechana tiketi mlangoni, na hata Jicho, yeye na ndevu zake.

Wako mwenye subira,
Fundi cherehani, kiti cha karibu na feni.

N.B. Mama mkwe hakungoja Jumapili, amefika leo. Mke wangu amemsomea barua hii yote kwa sauti, nami nimekaa hapahapa. Walipofika hoja ya tatu mama alianza kucheka hadi akavua miwani. Anasema aliyeisugua ni marehemu, kwa majivu, kwa sababu mama alilalamika kuwa sarafu ya uchumba imefubaa. Kisha marehemu akaifungia kwenye kopo pamoja na yai la kuchemsha lililopasuliwa, mvuke wake ukaitia rangi, akaja kumwambia mama imegeuka yenyewe. Na haikuwa mara moja. Kila walipogombana aliisugua na kuipika upya. Nikamuuliza mama kwa nini hakumwambia mumewe kwamba anajua. Akasema, "Jiko zima linanuka mayai, mwanangu, nisijue? Mwanamume kajifungia jikoni kwa ajili yako, utamwambia nini?"

Kwa hiyo kadi ibaki. Mama anasema mumewe hajawahi kuandikiwa maneno mazuri kuliko hayo. Kuhusu ndevu za Jicho naomba radhi, huenda naye anazihangaikia kwa ajili ya mtu.

Naishia hapa. Mke wangu ametoka jikoni na kuniwekea yai mezani, kando ya barua. Ni bichi. Amesimama tu ananitazama.