Kalinga Apanda Kilima cha Ipogolo Nyuma ya Mkwewe

"Alishindwa na mama mtu mzima mwenye kikapu cha viazi kichwani," alisema Jailos, "na huo ndio ukweli, Mama Kasian, hata ukiupaka mafuta."

"Hakushindwa. Aliheshimu. Wewe mkweo ungempita?"

"Mimi nisingekuwa barabarani kwanza. Mimi nina akili."

"Akili unayo, miguu ndiyo huna. Mlijiandikisha mbio wewe na yeye, asubuhi yake wewe ukaumwa tumbo."

Nyamazeni nyote wawili, na wewe Jailos shuka kwenye kinu cha watu, ukae chini kama wenzako. Sogeeni, wanyalukolo, ndugu wa damu na ndugu wa ukuta mmoja. Mwenye ugoro na anuse, mwenye mtoto na amnyonyeshe, kwa maana naifungua habari kuu ya mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tatu, mwaka aliotawazwa Malkia kule ng'ambo. Naye alipanda gari la farasi, ilhali shujaa wetu alipanda kilima kwa miguu yake.

Palikuwa na mtu hapa Kihesa, jina lake Kalinga, fundi wa makatambuga, yale makubazi yakatwayo kwenye mpira wa gari. Simba wa Mipira, Baba wa Mianzo Mingi. Kuanza alikujua kuliko wote. Alianza uzio, ukafika upande mmoja tu, mbuzi wakawa wanauzunguka kwa adabu. Alianza jiko, likasimama kuta nne bila paa tangu Pasaka, mkewe Benedicta akawa anasonga ugali huku mvua ikimsaidia kuongeza maji.

Siku moja Benedicta akafunga mzigo, akambeba mtoto, akasimama mlangoni akanena: "Baba Silvester, nakwenda kwa mama, Mlandege. Sikuchukii. Ila siku utakayomaliza kitu kimoja, hata kiwe kidogo kama sindano, nitumie habari. Hapo nitajua nina mume."

Majuma matatu nyumba ya Kalinga ikawa kimya kama ngoma iliyopasuka. Ndipo mpiga mbiu akapita, akitangaza kwamba siku ya kutawazwa kwa Malkia watakimbia wanaume kutoka Tanangozi hadi uwanja wa mji, maili kumi na tatu na ushei. Wa kwanza atapewa baiskeli, na kila atakayemaliza kabla ya saa sita ya mchana atapewa kikombe cha bati chenye picha. Kalinga alisikia neno moja tu, nalo ni kumaliza. Akasimama katikati ya kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kata mkononi, akaapa: "Mwambieni Benedicta, kikombe kile atakinywea uji."

Na mazoezi je? Mazoezi aliyafanya, msimsingizie. Siku ya kwanza alikimbia hadi kilabuni. Siku ya pili alitembea hadi kilabuni, maana ya kwanza ilimuumiza. Siku ya tatu wenzake wakamletea ulanzi nyumbani, wasimchoshe askari kabla ya vita.

Ikafika siku yenyewe, baridi ya Juni ikiuma masikio. Saa tatu asubuhi bendera ikashuka pale Tanangozi, majabali arobaini yakang'oka kwa kishindo, na Kalinga akatangulia mbele ya wote. Naam, mbele ya wote, Jailos, funga mdomo. Alitangulia mpaka kwenye mti wa kwanza. Kwenye mti wa pili alikuwa wa kumi. Kwenye mti wa tatu aligeuka nyuma kuwatazama adui zake, asimwone hata mmoja, akafurahi, halafu akagundua kwamba wote wako mbele. Maili ya nne mbavu zikamwasi. Maili ya saba katambuga la kushoto likakatika ukanda, kazi ya mikono yake mwenyewe, akaliacha kama jemadari aachavyo maiti vitani. Maili ya kumi alipitwa na mzee aliyekuwa akikokota baiskeli yenye pancha.

Hata akafika daraja la Ruaha Ndogo, mguuni pa kilima cha Ipogolo, ukuta ule unaochosha hata malori. Akainua macho. Mbele yake, hatua ishirini, alikuwa Mama Evarista, mzazi wa Benedicta, akitoka vinyunguni, kwenye bustani zake za bondeni, kikapu cha viazi kichwani.

Sasa mgeni asiyejua mila na ajue: kwetu Uheheni mkwe wa kike hapitwi njiani, hatazamwi usoni, wala hasemezwi mdomo kwa mdomo. Ukikutana naye unaingia majanini. Naye akikusikia hujitenga, akageuza mgongo. Kalinga akatumbukia mtaro wa kushoto. Mama Evarista alikuwa amesikia pumzi kama mvukuto wa mhunzi. Naye akatumbukia mtaro wa kulia, akajifunika kanga usoni. Kalinga akangoja mama apite. Mama akangoja Kalinga apite. Majeshi mawili yakakaa katika mahandaki yao yakioneana haya, jua likipanda, na barabara katikati ikabaki tupu, isipokuwa kuku mmoja aliyevuka bila kumheshimu mtu.

Mwisho mama akasema na mzigo wake. "Kikapu changu, nakuuliza wewe. Ni mtu gani huyo anayehema hivyo?"

Kalinga akakigeukia kichaka kilichokuwa karibu. "We kichaka, mwambie kikapu ni mtu anayekimbia."

"Kikapu, mwambie kichaka huko si kukimbia. Huko ni kuugua."

"Kichaka, mwambie kikapu nimebakiza kilima hiki tu. Saa sita ikipigwa wanakunja kamba ya kumalizia uwanjani, na kamba ikikunjwa sina mke. Lakini kumpita mama sitampita, hata nife hapa na mguu mmoja mtupu."

Mama akatoka mtaroni, kikapu kichwani.

"Kikapu," akasema mama, "binti yangu hulia jioni, anadhani sisikii. Twende zetu. Mwenye miguu atafuata."

Akapanda. Lo, wanyalukolo, nani ameona upandaji ule? Mwanamke wa wajukuu saba, viazi debe zima kichwani, shingo imenyooka kama mlingoti, na nyuma yake, hatua ishirini za heshima, fundi wa makatambuga akivutwa na aibu kama ndama kwa kamba. Hakugeuka hata mara moja. Ila kila katambuga lile moja liliponyamaza, naye alisimama akitengeneza ngata yake kichwani, ingawa ngata haikuwa na kosa. Likisikika tena, alikwenda.

Njia ya kwake ilikatiza uwanja wa mji, naye hakuwa mtu wa kuzunguka kwa ajili ya sherehe za watu. Akavuka kamba. Karani, aliyekuwa na usingizi, akaandika "arobaini" akamkabidhi kikombe cha mwisho. Baada ya hatua ishirini akavuka Kalinga, akaandikwa arobaini na moja, kikombe hakuna, na honi ya saa sita ikalia juu ya kichwa chake. Tangu Wahehe waupande mlima huo wa Iringa, hajapata mtu kufika wa mwisho kwa utukufu namna ile. Na iandikwe.

Watu walimnywesha maji, wakamwinua. Akajikongoja hadi Mlandege, akaketi uani kwa mkwewe karibu na kuni, mikono mitupu, asithubutu kubisha hodi. Akasikia sauti ya mama ndani.

"Amemaliza. Kikombe hiki ni chake, karani amekosea. Nimemsikia nyuma yangu kila hatua, mguu mmoja haukuwa na kiatu."

Kisha mlango wa nyuma ukalia, na nyayo zikaenda kwa jirani. Benedicta akatokea mbele na maji ya kunawa katika kile kikombe cha bati, hakucheka, wala hakulia.

"Mama ametoka ili upate kupita," akasema. "Baba Silvester, nawa mikono. Ingia ule."