Namna ya Kukimbia na Bunduki

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo dunia imenikumbuka. Imechelewa, lakini imekumbuka.

Sekela karudi kutoka kazini macho mekundu. Binti yangu huyu ana miaka ishirini na nne na yuko kwenye miezi mitatu ya majaribio pale Mikocheni, kwenye kampuni ya vijana wanaotengeneza gemu za simu. Gemu yao ni ya askari wa wanyamapori anayefukuza majangili. Kazi ya Sekela ni kumfanya huyo askari akimbie. Wamewapa watu wachache waijaribu, maoni yamerudi, na yote yanazungumzia mbio. Mmoja kaandika kwamba askari anakimbia kama dada anayewahi bomba kabla maji hayajakatika. Mwingine kauliza kama alichobeba ni bunduki au mtoto wa jirani.

Kanieleza tatizo. Mtu akikimbia, mikono inapunga. Sasa mikono yote miwili imeshika bunduki, mwili utajisawazisha vipi? Kwenye gemu za Ulaya askari anayumbisha bunduki kushoto kulia kama anafagia uwanja, na watu wazima wanatoa hela kununua. Bosi wake anataka mbio za kweli. Mwisho ni Ijumaa ya tarehe 21. Askari asipokimbia kama askari, Sekela haajiriwi.

Halafu akaitazama picha yangu ya JKT pale ukutani, mwaka 1993, bunduki kifuani. "Baba, si ulikuwaga komandoo wewe?"

Nikasema ndiyo. Ningesemaje? Nimemwambia hivyo tangu yuko chekechea. Mama yake, Felicitas, alikuwa anapepeta mchele. Akaacha kupepeta, akanitazama, akaendelea.

Humu naweza kusema, maana hapasomwi na mtu. JKT nilikuwa banda la kuku. Nilikosea siku ya kwanza nikasema najua hesabu. Mwaka mzima nimehesabu mayai. Kwata tulifanya na bunduki za mti. Ile ya pichani ni ya afande aliyekwenda kunywa uji, na nilikaa nayo dakika nne.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoroka shuleni kwenda Mikocheni. Kuaga lazima umuage karani, na karani ni mimi, kwa hiyo nilijiaga mwenyewe na nikajiruhusu.

Bosi anaitwa Godlisten. Kaptula, ofisini! Lakini kanipa shikamoo, kanipa kiti, na mbele ya wote kaniita Mshauri. Mshauri Ansbert! Miaka ishirini na sita nimekaa masijala na hakuna aliyewahi kuniita zaidi ya "yule wa mafaili". Jina langu litaandikwa mwishoni mwa gemu. Jumatatu nitakimbia mbele ya kamera, na mwendo wangu ndio atakaopewa askari.

Nikatoa mhadhara. Nikawaambia siri ni kubeba bunduki begani, kama jembe. Wakaandika. Binti mmoja, Najat, rafiki wa Sekela, aliandika hata niliposimama kukohoa. Sekela alikaa pembeni anatabasamu. Sijui lini mara ya mwisho alinitazama vile.

Doa ni moja tu. Getini yuko mlinzi, Mzee Mudathir, mzaliwa wa Kinondoni, ndevu nyeupe, yuko kwenye saumu. Godlisten alinipa bunduki yao ya plastiki nikafanyie mazoezi, wameijaza mchanga ifike kilo nne. Naikumbatia nitafute gunia la kuifungia, mzee akaitazama, akanitazama, akauliza, "Bwana, hicho kidole mbona umekiweka hapo?" Kwa upole! Angeuliza kwa kejeli ningemjibu.

Sekela kaniambia mzee alikuwa jeshini miaka ishirini na mbili, jeshi lenyewe, na wanafikiria kumwomba naye aje aangalie Jumatatu. Nikasema wazee wasisumbuliwe mwezi mtukufu.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Misa ya asubuhi. Nimepakwa majivu. Padri kasema tusali, tufunge, tuwakumbuke wanyonge. Mahubiri mazuri, ila marefu.

Saa saba mchana nikapita Mikocheni kuchungulia. Mzee Mudathir kwenye kiti chake cha plastiki, macho amefumba. Dakika tatu, labda nne. Amefunga, jua kali, najua. Lakini na mimi nimefunga.

Nimerudi shuleni nikachapa barua kwa kampuni yake ya ulinzi. YAH: MLINZI KULALA LINDONI. Nimeeleza hatari kwa mali na maisha ya raia. Jina sikuweka, mimi si mjinga. Nimesaini "Raia Mwema". Saa kumi nikaisukuma chini ya mlango wa ofisi yao, nikaondoka na majivu yangu usoni. Hakuna aliyeniona isipokuwa Mungu, na leo mimi na Mungu tuko vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Imekubali! Mzee Mudathir kahamishiwa Kimbiji, kulinda kiwanja kitupu cha mtu. Sekela kahuzunika. Kumbe mzee ndiye anayemtunzia mwavuli wake, na kila jioni humuuliza kama amekula. Anasema sasa mzee wa watu atakuwa anafuturu peke yake, mbali na wajukuu. Nikasema Kimbiji kuna upepo mzuri.

Mazoezi. Nimetazama video za askari wa nchi saba. Kila nchi wanakimbia kivyao, hawana msimamo. Nikapanda kilimani nyuma ya nyumba na ile bunduki. Goba ni milima tu, mtu kupanda bila mzigo ni kazi. Nikaiweka begani, ikaruka ikanigonga sikio. Nikaiweka kifuani, ikanigonga kidevu. Nikaishika mkono mmoja, kilo nne zikanivuta upande mpaka kwenye mihogo ya jirani. Benedicta, mwenye mihogo, akauliza namkimbiza nani. Nikasema daktari ndiye kaniandikia.

Jumatatu, 10 Machi

Siku yenyewe. Wamenibandika vidoti mwili mzima, kamera nne uani. Godlisten akahesabu tatu, mbili, moja. Nikakimbia.

Sijui hata niandikeje. Mikono ilikumbuka bunduki ya mti, na miguu nayo ikakumbuka saa kumi na moja alfajiri kambini. Nilikimbia mchakamchaka. Magoti juu, hatua moja na kuruta mia mbili ambao hawapo. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu nikasikia mtu anaimba, kumbe mimi. Na Najat akaitikia! Ofisi nzima ikaitikia! Nchi hii huwezi kuanzisha wimbo wa mchakamchaka ukakosa waitikiaji, hata kama uko kwenye matatizo.

Godlisten akauliza, kwa heshima zote, kama ndivyo makomandoo wanavyofukuza majangili. Nikasema ndivyo, ni mbinu ya kumchanganya adui. Tukarudia mara nane.

Sekela hakuimba. Alikuwa anatazama kompyuta. Askari wake, sura kali, anamfuata jangili kwa mchakamchaka. Jangili ana muda wa kunywa chai na kuosha kikombe. Sekela akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, ya kunisitiri, kama kuna namna nyingine tuliyofundishwa. Alinipa nafasi ya kusema. Niliiona kabisa ile nafasi. Nikamwambia kompyuta yake ina kasoro.

Alhamisi, 13 Machi

Msimamizi wa kampuni ya ulinzi alifika leo kwa Godlisten kuomba radhi kwa mlinzi aliyelala, na kimbelembele chake kikamfanya aje na barua yangu. Sekela akaisoma.

Nitakufa na kijiba cha roho. Hakuna jina, hakuna saini ya kweli, hata aina ya herufi nilibadilisha. Lakini juu kulia imeandikwa Kumb. Na. AB/BINAFSI/07. AB ni herufi za kwanza za majina yangu mawili. Na chini, Nakala: Faili.

Miaka ishirini na sita masijala! Vidole havijui kuandika barua isiyo na kumbukumbu namba. Hata barua ya posa niliipa namba. Na Sekela anajua, maana zote nilizomwandikia akiwa bweni zilikuwa na namba, hata ile ya kumtakia heri ya Pasaka. Kaja nyumbani moja kwa moja, kafungua kabati, katoa faili. Nakala ipo, imetobolewa, imefungwa mahali pake. Faili langu liko vizuri, hilo hakuna wa kulipinga.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema, "Baba, hayo mambo ya ukomandoo mama aliniambiaga niko la tano. Sikujali. Kina baba wote wanaongezaga chumvi. Nikasema angalau bunduki umeishika, tutapata kitu, na wewe siku moja uitwe mshauri. Sasa mzee wa watu kakukosea nini?"

Nikamwambia barua ilifuata taratibu zote. Akaichukua bunduki ya mchanga, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Zimebaki siku nane.

Jumapili, 16 Machi

Jana Sekela na Najat wamekwenda Kimbiji. Kivuko, kisha bodaboda kwenye barabara ya mashimo. Wamebeba futari, uji wa pilipili manga, tambi, maharage ya nazi. Mzee kaombwa radhi kwa niaba yangu. Nani kawatuma?

Video nimeiona kwa nyuma ya bega la Felicitas. Mzee Mudathir, miaka sitini na tatu, kiwanja kitupu, jua linashuka, kandambili amezivua. Anaishika bunduki ya plastiki na mara moja inakuwa nzito kwa namna nyingine. Imebanwa mwilini, mtutu chini, haiyumbi kushoto wala kulia. Kinachopunga ni nyonga. Hatua fupi, magoti yamekunjwa. Hatua kumi na mbili tu, halafu goti chini, anatazama. Anainuka, kumi na mbili nyingine. Sauti ya Sekela inauliza mbona hakimbii mbio ndefu. Mzee anacheka na kumwambia, "Mwanangu, ukikimbia ukafika unahema, hiyo bunduki umembebea adui."

Nikasema hapo pumzi tu imemwishia, uzee. Felicitas akanyanyuka na simu akaenda kuitazamia jikoni.

Ijumaa, 21 Machi

Askari anakimbia. Watu wa majaribio wamepewa gemu mpya na wamesifu. Mmoja kaandika kwamba kwa mara ya kwanza amemwonea huruma jangili. Sekela kaajiriwa. Nimezisikia habari hizo kwa Felicitas, naye kazisikia kwenye simu, akiwa amesimama hatua mbili kutoka nilipokaa.

Godlisten kamwombea Mzee Mudathir na karudishwa Mikocheni. Jina lake ndilo litakalokaa mwishoni mwa gemu. Mshauri wa Kijeshi, Mzee Mudathir. Mtu ambaye hata hakuliomba!

Mbio zangu hazikutupwa. Wamempa mpishi wa kambi ya majangili, anayetimua na sufuria kambi ikivamiwa. Najat anasema ndiye wachezaji wanayempenda kuliko wote. Godlisten kapiga simu kuniuliza, kwa heshima zote, kama niandikwe kwenye orodha kama Mpishi. Nimekataa kwa maandishi, barua namba 08.

Jumapili, 23 Machi

Sekela kahama. Wamepanga chumba na Najat huko Temeke. Mtoto aliyekulia Goba kwenye hewa! Mama yake alikumbatiwa mpaka kilemba kikadondoka. Mimi nimepewa shikamoo. Nikasema marahaba, akabeba begi lake. Shikamoo ile hata mwenye nyumba wao anapewa.

Nimekaa kitandani kwake. Kaacha soksi moja na kalamu mbili. Inauma. Nimeandika, basi.

Jumapili ijayo kamwalika mama yake chakula cha mchana. Jina langu halikutajwa. Felicitas kasema twende wote tu, tukifika mlangoni niseme "nisamehe", neno moja, mengine atamalizia yeye. Anasema mtoto analisubiri hilo tu, kamwambia mwenyewe kwa mdomo wake.

Neno moja! Baba mzima, mlangoni, Temeke, Najat anasikiliza. Heshima itabaki wapi?

Nimepata njia bora. Nitakwenda nikichechemea. Nitasema niliumia mguu siku ile ya kamera, nikanyamaza wiki zote hizi nisimharibie kazi. Hapo atalia. Mtoto gani atamnunia baba aliyeumia kwa ajili yake? Benedicta kaniazima fimbo ya marehemu mumewe. Nimefanya mazoezi sebuleni tangu saa tisa, na naona naiweza kuliko mbio.

Felicitas kasimama mlangoni muda mrefu ananitazama. Mwisho akauliza ni mguu gani unaouma. Nikachelewa kidogo kumjibu.

Ni wa kushoto. Nauandika hapa nisije nikasahau.