Malalamiko Juu ya Wageni Wasiotikisa Kikombe

Al Khuwair, Muscat
Mei 2006

Kwa Bwana Mkuu wa Kijiji cha Kale cha Maonyesho, Korea

Bwana Mheshimiwa,

Barua hii atawatafsiria mwanangu Aflah, anayesoma huko kwenu. Mkikuta maneno matamu, kayatia yeye.

Mwezi uliopita alitutembeza kijijini kwenu kutwa nzima, mimi na mashoga zangu Kidawa na Bakhita. Bakhita tulimburura. Tangu afiwe na mumewe hatoki, hapokei mgeni, na ukimpelekea kahawa hupiga funda moja akatikisa kikombe. Kwetu ukitikisa kikombe umesema basi, na anayemimina haongezi. Sasa nalalamika:

1. Tulipiga hodi kwenye nyumba ya mabua, hakuitika mtu. Mkeka umetandikwa, vyungu vimepangwa, mwenyewe hayupo! Tukavua viatu, tukaketi kumngoja. Aflah alijua kuwa ni nyumba ya kutazamwa tu, akaona haya kutuambia.

2. Tulipochoka kungoja tukafungua chupa yetu ya kahawa na tende. Watu wenu wakadhani nasi tumo katika maonyesho, wakapanga foleni mpaka uani. Wakatuinamia, tukawainamia. Mgongo wangu haujanyooka hadi leo.

3. Hili ndilo kubwa. Wageni wenu hupokea kikombe kwa mikono miwili, wakanywa, wakakirudisha kimya. Hakuna anayetikisa! Bakhita ndiye aliyekaa karibu na chupa, angefanyaje? Akamimina, wakanywa, akamimina. Mzee mmoja alikunywa mpaka jasho likamtoka, adabu yake ikimkataza kukataa, na yetu ikitukataza kuacha. Bakhita alicheka mpaka akashika ukuta.

4. Tangu turudi kafungua mlango wake. Kila alasiri anatuita, na hataki tutikise. Eti Wakorea wametushinda adabu. Usingizi wangu wa mchana umekwisha.

Kwa hiyo naomba mbandike kibao langoni cha kuwafunza watu kutikisa kikombe. Tena mumwandikie Bakhita kwamba nyumba ile ya mabua si yake, maana anaitaja kama aliyeiacha jana na ufunguo anao.

Wasalimieni wote walioko huko, hasa yule mzee. Tunaliombea tumbo lake.

Mimi niliyeudhika,
Mahfoudha binti Musallam

Tanbihi: Kibao msibandike. Jana nilimmiminia Bakhita mimi mwenyewe. Akanywa, akanirudishia kikombe bila ya kukitikisa. Nikamimina tena, nusu ikamwagika mkekani, kwa sababu nilikuwa nalia.