Ondoa Kilichochomekwa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nina mpango!

Mama mkwe alikuja kwa wiki mbili. Huu ni mwezi wake wa tatu hapa. Alikuja kumsaidia mke wangu kukata nyuzi, maana karakana yetu ya kudarizi iko chumba cha mbele na kuna oda kubwa ya nembo za sweta za shule. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa mkasi. Sasa karakana ni yake, jiko ni lake, na kiti changu cha kuegemea, kile cha dirishani, kimeshapata umbo lake.

Leo kasema kwa mdomo wake mwenyewe: nembo zikiisha Jumamosi, Jumapili anapanda basi. Nimeificha furaha yangu. Nadhani nimeificha.

Kwa hiyo nembo lazima ziishe. Kinachozichelewesha ni kompyuta, ile inayoipa cherehani michoro. Kongwe, inajikongoja. Mke wangu kaniambia nisiiguse. Tangu nipunguzwe kazi kule ghalani, kila kitu humu ndani nisikiguse. Walipotoka kwenda sokoni, nikaigusa.

Jamaa wa steshenari alinipa flashi. Kaapa ina dawa ya kuifanya kompyuta kongwe ikimbie. Unaingia kwenye ule ukurasa wa buluu wa mipangilio, unaiamuru ianze kuamkia kwenye flashi. Nimeingia. Nimeamuru. Flashi nimeichomeka nyuma ya kasha la kompyuta, upande wa ukutani, asiione mtu. Ndogo kama punje ya hindi! Kabla sijaiwasha upya, geti likalia. Nikazima kila kitu, nikakaa na gazeti. La mwezi uliopita, lakini nani anaangalia.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Kompyuta haiamki.

Mke wangu kabonyeza, taa ikawaka, feni ikavuma, halafu kioo cheusi na mstari mmoja wa maneno meupe. Akageuka akanitazama. Sikuwa nimesema neno! Akauliza kama niliigusa. Nikamjibu kwamba mimi jana nilikuwa nasoma gazeti, na shahidi ni mama yake. Mama mkwe akasema ndiyo, aliniona, nilikuwa nimelishika juu chini.

Walipokwenda kunywa chai nimeketi na kamusi. Maneno ya kiooni, kwa Kiswahili changu: hii si diski ya kuamkia, ondoa kilichochomekwa, kisha bonyeza kitufe chochote.

Maagizo wazi kabisa. Nikaondoa. Kipanya. Printa. Spika. Waya wa cherehani. Waya mmoja mweusi ambao nimegundua ni wa pasi. Mwisho nikachomoa kibodi, nikakaa tayari kubonyeza kitufe chochote.

Hakuna kitufe! Vyote viko kwenye kibodi. Nimelifikiria jambo hili muda mrefu. Aliyeandika maagizo haya ana akili kuliko mimi, au hajawahi kukaa mbele ya kompyuta.

Nimevirudisha vyote. Kioo kile kile.

Jambo jingine: flashi yangu siioni. Nimekagua suruali zote. Hasara juu ya hasara.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Shemeji kapigiwa simu. Huyu ni mdogo wa mke wangu, fundi simu, mtaa mzima unamwita Bwana Chaji. Anaongea nami kama anaongea na mtoto aliyemeza shilingi.

Lakini kaniambia jambo lililoniondolea usingizi wa mchana. Kompyuta ikiamka haijijui. Haijui ni ya nani, haijui tarehe, haijui kama kuna cherehani duniani. Inapapasa. Inabisha mlango wa kwanza ilioambiwa, inauliza: mimi ni nani? Isipopata jibu inakwama pale pale, kama yetu, au inakwenda mlango wa pili. Jibu lenyewe liko ndani ya diski.

Ajabu iliyoje! Kila asubuhi! Nimemtazama mama mkwe akiamka kutoka kwenye kiti changu baada ya chakula, macho yakipapasa chumba, nikaona ni kweli, hata sisi ni hivyo. Isipokuwa yeye mlango wa kwanza anaobisha ni mimi, kuuliza kama kuna chai.

Bwana Chaji akauliza kama kuna mtu kachomeka kitu chochote. Nikamwapia kwamba hakuna. Nilisema kwa sauti, mke wangu asikie. Basi, akasema, diski imekufa. Atakuja Jumamosi na mpya. Mchoro wa nembo? Umekwenda na maji.

Mke wangu akakaa chini.

Nimewaza pia kuhusu flashi. Jumatatu jioni Bwana Chaji alipita hapa kula. Alikaa peke yake karakanani akisubiri sahani. Sisemi kitu. Ila kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimeifungua kompyuta. Mke wangu hakukataa. Alisema tu fanya unavyotaka, na hilo limeniuma kuliko kama angekataa.

Ndani kuna vumbi, mjusi mkavu, na mambo ya kustaajabisha. Diski ni kasha dogo zito. Nembo ya shule imo humo, kitabu na taa, pamoja na michoro yake yote ya miaka. Nimelitikisa kidogo. Nimelitegea sikio. Kimya. Mama mkwe akauliza, bila kuinua macho kwenye nyuzi zake, kama mgonjwa anapumua. Maneno anayo mengi, subira hana.

Swali: umeme ukikatika, mchoro unakaaje humo bila kumwagika? Nimemuuliza mke wangu. Akaenda kuhesabu sweta.

Nilichofanya: nimefuta vumbi ndani. Nimemzika mjusi. Nimetoa betri ndogo nikaisugua kwenye shati, nikairudisha pale pale kabla haijapoa mkononi. Nimeweka matofali chini ya kasha lipate hewa. Nimegeuza meza kidogo, upande wa nyuma uzidi kubana ukutani, waya zisisumbuliwe. Nimefunga. Ikabaki skrubu moja. Hizi kampuni huweka za ziada.

Kioo kile kile. Ondoa kilichochomekwa. Nishaondoa, jamani!

Mchana mwalimu mkuu kapita kuulizia sweta. Mke wangu kamwambia ziko njiani. Mwalimu mkuu alipotoka, mke wangu akachukua karatasi akaanza kuchora kile kitabu na ile taa kwa mkono, kwa kukumbuka. Mchoro ule ulimchukua wiki nzima kuuingiza. Taa ilikuwa inatoka upande. Akafuta. Akachora tena. Nimeona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka ardhi ipasuke. Nilitaka kumwambia kuhusu Jumatatu. Nikamwambia ile taa imependeza.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Siku mbaya iliyogeuka. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi mama mkwe katangaza kwamba hawezi kumwacha mwanawe kwenye shida. Kama nembo hazitaisha, hapandi basi. Atakaa mpaka muhula ujao. Kaniomba nimtafutie foronya za kwake.

Muhula ujao!

Nimeiwasha kompyuta na kuizima mpaka kidole kimeota sugu. Nimeibembeleza. Nimeitisha. Nimejaribu kuiwasha ghafla, isijue ninakuja.

Alasiri mama mkwe akashika kitambaa cha vumbi, akasema karakana imekuwa zizi. Akaisukuma meza kutoka ukutani peke yake, mama wa umri ule, akapiga magoti. Nikamwambia asihangaike, huko nyuma hakuna kitu. Akanijibu mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akafuta, akakohoa, akapangusa waya mmoja mmoja. Akainuka na kitu kiganjani, akauliza hiki kitakataka ni cha nani.

Flashi yangu!

Nikaelewa yote papo hapo. Bwana Chaji! Aliiiba, akaingiwa na hofu, akaichomeka nyuma ya kompyuta yetu wenyewe, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kutafuta. Mwizi hodari. Nimeitia mfukoni bila kusema. Nitamvizia.

Wakati huo huo mama mkwe, katika kuinuka, akajishikiza kwenye kasha na kidole kikabonyeza swichi. Feni ikavuma. Kioo kikawa cheusi. Kisha kikawa buluu! Kisha ikatokea picha ya harusi yetu, mimi na ile suti!

Mke wangu akapiga kelele. Akamkumbatia mama yake. Kitabu kipo, taa ipo. Cherehani ikaanza kulia.

Mimi nilisimama pale. Kwa nini?

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nembo zimeisha. Sweta zimeondoka. Mwalimu mkuu kasifu taa. Mama mkwe anafunga mizigo. Ningepaswa kucheza ngoma, lakini nina swali na halinitoki.

Kwa nini iliamka?

Bwana Chaji alikuja na diski yake mpya, akakuta kazi inaendelea. Akakuna kichwa. Akauliza tena kama kuna kitu kilichomekwa au kuchomolewa. Nikamkazia macho mpaka akaangalia pembeni. Hatia hiyo! Nikamjibu kuchomolewa hapana.

Nimefanya uchunguzi kwa njia ya kisayansi. Nini kilikuwapo Ijumaa alasiri ambacho hakikuwapo tangu Jumanne? Matofali yalikuwapo Alhamisi. Betri niliisugua Alhamisi. Vumbi la ndani nililitoa Alhamisi. Kilichokuwa kipya ni kimoja tu: mkono wa mama mkwe kwenye swichi. Mimi na mke wangu tuliibonyeza siku zote ikakataa. Yeye mara moja, ikatii.

Kompyuta inamwogopa mama mkwe.

Nimeusogelea ukweli huu kwa woga, lakini kila nikiuzunguka unasimama. Naielewa kabisa. Hata mimi akiniita naamka.

Sijamwambia mtu. Kesho anapanda basi, basi. Flashi nimeihifadhi. Nimeipa nafasi aliyoichagua mwizi, nyuma ya kasha, kwenye mlango ule ule. Hawezi kurudi kuitafuta mahali alipokwisha kuiacha. Mjanja akikutana na mjanja!

Jumapili, tarehe 10 Machi

Asubuhi tumemsindikiza mama mkwe mpaka getini. Begi lake nimelibeba mimi mwenyewe kwa mikono miwili, kwa upendo. Nimerudi, nimekaa kwenye kiti changu. Kimenikataa kidogo mgongoni, lakini tutazoeana.

Mke wangu akaenda kuiwasha kompyuta, kuna oda mpya ya kofia. Feni. Kioo cheusi. Maneno meupe.

Alinitazama. Sijawahi kuona macho yale tangu nipunguzwe kazi. Akasema, polepole, kwamba kama kuna ninachokijua, nikiseme leo.

Nilikijua. Nikavaa viatu.

Nimekimbia mpaka stendi. Basi lilikuwa linanguruma, mama mkwe dirishani, tayari anamfundisha mtu wa kiti cha pili jinsi ya kukaa. Nikamwamkia. Nikamwomba ashuke. Akauliza kuna msiba? Nikasema hapana, Mama, ni kwamba nyumba haiwezi kuamka bila wewe. Abiria wakaguna, wengine wakapiga makofi. Mama mkwe kalia. Kasema miaka yote hii alidhani simpendi.

Kashuka.

Kasimama mbele ya kompyuta na begi bado mkononi. Kabonyeza. Haijaamka. Kabonyeza tena. Akaitazama, akanitazama mimi, akasema imekasirika kwa sababu aliiaga vibaya. Haitakuwa kazi ya siku moja. Itabidi akae nayo, aizoeshe taratibu. Mke wangu kafurahi, kesho anampigia Bwana Chaji. Nimetoa foronya kabatini.

Kiti kimechukuliwa. Naandika nikiwa juu ya tofali moja, yale mengine yako chini ya kompyuta.

Flashi angalau iko salama. Hiyo hainipi wasiwasi kabisa.