Semina ya Shinyanga na Mifuko Minane ya Boaz

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimerudi kutoka Shinyanga, semina ya kutayarisha biashara na wafanyakazi kufanya kazi kutoka nyumbani. Siku mbili, soda moja! Nimemrekebisha mwalimu mara nne, mpaka akaomba na wengine wapewe nafasi ya kusema. Wivu tu.

Dada Bernadina, mwenye uwanja huu wa kusagia mawe ya dhahabu hapa Geita, alinituma mimi meneja wake shingo upande. Anasema kazi inalala. Wiki ikiisha bado imelala, funguo anampa binti yake Loveness. Loveness! Mtoto niliyemfundisha kuvaa viatu. Mimi, niliyepandisha mfuko wa mawe kwa meno kutoka futi mia mbili chini ya ardhi, mwaka 2003. Mashahidi wapo, ila wamehama.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeanza. Wanawake wanne wanaogonga mawe kwa nyundo pale bandani, nimewaambia kuanzia leo wakagongee nyumbani kwao. Kila mmoja mifuko miwili ya mawe ya Boaz, mchimbaji, mteja wetu mkubwa. Nyundo nimewapa. Saa za kazi nimewaandikia kwenye karatasi. Mwalimu alisema usimchunge mfanyakazi kama ng'ombe. Mwamini, halafu pima alicholeta. Basi nimepima. Kilo hamsini kila mfuko.

Loveness akaniamkia vizuri, shikamoo mjomba, kumbe anatafuta pa kuuma. Eti yule mwalimu alikuwa anazungumzia watu wa kompyuta. Nikamuuliza, kwani kompyuta si nayo inagongwagongwa tu? Akachukua ufagio akaondoka. Elimu yake iliishia hapo.

Alhamisi, 11 Septemba

Ushindi! Mifuko yote minane imerudi, mawe yamekuwa madogo kama maharage. Mizani inasema hamsini, hamsini, hamsini. Ghati peke yake kaleta hamsini na tatu kila mfuko. Huyo ndiye mfanyakazi! Nimempa kanga mbele ya wenzake, na wenzake nimewakaripia kwa uvivu. Ghati aliipokea ile kanga kama mtu anayepokea barua ya mahakama. Siku hizi watu hawana shukrani.

Ijumaa, 12 Septemba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Boaz kaja, kachota konzi moja moja kila mfuko, kasaga, kaosha kwenye karai. Mifuko sita, dhahabu inaonekana. Miwili ya Ghati, hakuna hata ya kumdanganyia mtoto. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo mifuko mizito kuliko yote, kazi bora. Akaweka karai chini.

"Meneja, tangu lini jiwe likagongwa likanenepa?"

Masudi wa uwanja wa jirani akacheka mpaka akakaa chini. Huyo nitamkumbuka.

Ghati kaja analia, kanga mkononi. "Baba Eliya, meneja wangu, sikuiba." Mumewe, Ngusa, ni fundi mwashi, alikuwa kazini Samuye. Jumatano karudi, kakuta kokoto nzuri barazani, kamsifu mke kwa kumkusanyia, kachanganya na saruji, kasakafia chumba cha watoto. Ghati kwa hofu akajaza mifuko kokoto za barabarani. Na kwa hofu akazidisha.

Yaani dhahabu ya Boaz imo chini ya kitanda cha watoto! Boaz kaenda na sururu. Nimesimamia mwenyewe, kama meneja. Sakafu yote imevunjwa. Ngusa kanitukana kwa Kisukuma, kanitukana kwa Kiswahili, halafu kaanza kukung'uta vumbi kwenye kitanda cha watoto, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kwenye semina hawakutuandaa kwa waume.

Jumamosi, 13 Septemba

Dada kafika kutoka Tinde. Hakukaa. Hakunywa hata maji. Kasema watoto wa watu wamelala juu ya vumbi kwa akili zangu. Nikamwambia mpango ni mzuri, wafanyakazi ndio hawakuwa tayari. Nikamwonyesha cheti. Akakikunja.

"Marselino, kesho saa tisa nikute sakafu mpya kwa Ngusa. Nisipoikuta, unamkabidhi Loveness funguo mbele yangu."

Mbele yake! Kama mwizi!

Jumapili, 14 Septemba

Ibada nimeikosa, Mungu anajua kosa ni la nani. Nimesakafia peke yangu tangu alfajiri. Ngusa kakaa kwenye kiti ananitazama, fundi mzima, hata mwiko hakunishikia. Kokoto za barabarani nimezikataa, mimi si mwizi. Nimetumia mifuko mitano ya mawe yaliyokwisha kugongwa, nimeikuta imeegemea ukuta wa uwanja, haina jina, haina mtu.

Saa tisa dada kachungulia mlangoni. Kaguna. Kaondoka. Funguo ninazo! Loveness kainama, kaitazama sakafu inavyometameta, kaniuliza mawe nimeyatoa wapi. Hawezi kuona mtu anafanikiwa.

Saa kumi na moja kaja mama mmoja, Mbuke, kutoka machimbo ya juu. Anaulizia mifuko yake mitano ya mawe, aliiacha uwanjani Ijumaa, hakukuta mtu wa kuipokea, wote tulikuwa kwa Ngusa. Nimemkaripia sana. Mtu gani anaacha mali bila kuandika jina? Akaanza kulia. Basi nikamwonea huruma, nikamtuliza. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mawe yake hayajapotea. Yanafanya kazi kutoka nyumbani.