Mjukuu wa Mwenye Medali

Clinton hakukosa msiba Ifakara. Si kwamba alikuwa na huruma, la. Alipenda wali, na zaidi ya wali alipenda wasifu wa marehemu, maana hakuna mahali watu hutangaza ndugu na mali zao kwa uaminifu kama makaburini. Jina lake la ubatizo lilikuwa Polycarp, lakini Polycarp asingeweza kuuza maji ya bomba kwa jina la dawa ya ngiri.

Siku hiyo, Machi 1996, alikuwa Katindiuka akimzika mzee Gaudensi, ambaye hakuwahi kumwona. Msomaji akakohoa, akasoma:

"Marehemu alijaliwa watoto wawili, Valeria na Joshua. Mwaka 1928 alicheza mpira Dar es Salaam, akatunukiwa medali ya fedha. Familia inaitunza hadi leo."

Masikio ya Clinton yakasimama. Morogoro mjini kulikuwa na mzungu aliyefikia hotelini, kazi yake kununua medali za mpira za zamani. Kadiri zilivyochakaa ndivyo alivyofungua pochi. Clinton akatazama kaburini: Valeria alitupia udongo, Joshua hakuonekana. Basi, akajijibu, huyo amepotelea kwenye mashamba ya miwa kama wengi.

Wiki mbili baadaye aliingia uani kwa Valeria akiwa analia tayari.

"Shikamoo, shangazi! Mimi Clinton, mtoto wa Joshua! Baba alifia kwenye miwa, akaniagiza nije kwa babu. Nimechelewa, jamani!"

Valeria alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini, akamtazama kuanzia viatu hadi miwani.

"Marahaba. Joshua huyu wetu?"

"Huyu huyu, shangazi."

"Ee Mungu! Hata pua ni yake."

Majirani wakaitwa, na balozi wa nyumba kumi akaja na daftari. Clinton akaandikwa humo: mtoto pekee wa Joshua. Akasaini kwa mbwembwe. Ndipo Valeria akafungua kitambaa, na medali ikaonekana, nyeusi, imechakaa vizuri sana.

"Hii ni ya mjukuu wa kiume," alisema. "Ila mila unazijua. Mrithi hachukui kitu kabla hajajengea kaburi."

"Nazijua sana," alisema Clinton, ambaye ndiyo kwanza anazisikia.

Kaburi la mzee lilikuwa limeanza kutitia kwa mvua, na jambo hilo lilimuuma Valeria kuliko msiba wenyewe. Ndugu walikuwa wameahidi saruji tangu matanga. Waliahidi vizuri tu.

Clinton akauza redio kaseti, akanunua saruji. Haikutosha, akauza baiskeli. Mafundi wakataka kula, akachinja mbuzi. Binamu kutoka Malinyi wakaja kumwona mrithi, wakamwona siku nane. Viatu vikageuka chokaa. "Mtaji huu," alijiliwaza huku akichanganya zege peku, "mzungu atalipa vyote."

Alhamisi mchana kaburi likakamilika, jeupe, limenyooka. Valeria alilia machozi ya kweli, akamshika Clinton mikono yote miwili.

"Ahsante, mwanangu. Sasa baba yangu amelala."

Clinton hakuwahi kushukuriwa na mtu ambaye yeye mwenyewe amekuja kumwibia. Aibu ilimshika, kama dakika moja hivi. Kisha akanyoosha kiganja.

"Medali sasa, shangazi."

"Ni yako. Ila limebaki kaburi moja." Valeria akaonyesha tuta dogo pembeni, halizidi urefu wa jembe, mahali Clinton alipokuwa akirundika mchanga wake siku zote hizo.

"La nani hilo?"

"La baba yako. Joshua alikufa kwa surua, ana miaka minne."

Clinton akatazama njia ya kutokea. Balozi alikuwa amekaa hapo, daftari mapajani, na pembeni yake binamu wa Malinyi, wameshiba mbuzi wake.

"Kama si mtoto wake, sema tu, kijana," alisema balozi kwa adabu. "Tutalifuta jina daftarini, twende kituoni ukawaeleze na polisi. Si mbali."

Clinton akalitazama lile tuta, kisha akaanza kufungua saa yake ya mkononi.

"Baba," alisema taratibu, "alianza mapema sana."

"Sana," Valeria alikubali. "Mifuko miwili itatosha, mwanangu. Alikuwa mdogo."