Likizo ya Afisa Mtafuta Kazi

Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Wizara ya Ajira ilitangaza kwamba ukosefu wa kazi umekwisha. Kuanzia saa hiyo hapakuwa tena na mtu asiye na kazi. Palikuwa na Maafisa Watafuta Kazi, daraja la kwanza hadi la tatu.

Mchora ramani alizisikia habari hizo redioni akiwa jikoni, mikono imejaa povu la vyombo. Kampuni yao ilikuwa imefungwa miezi minane iliyopita. Tangu hapo gari lilikwisha uzwa, na familia ikahama vyumba vinne kuja kubanana katika viwili. Mkewe, muuguzi, alikuwa anavua viatu baada ya zamu mbili mfululizo.

"Hongera, baba watoto. Umeajiriwa."

"Usinicheke, mama."

"Nani anacheka? Serikali imesema."

Mchora ramani akapiga pasi suruali, akaenda ofisi ya mtaa. Karani alimwandikisha daraja la pili, akampa beji na mwongozo wa kurasa arobaini.

"Kazi yenyewe ni nini?"

"Kutafuta kazi. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi, milango kumi kwa siku. Kuchelewa ni utovu wa nidhamu."

"Na mshahara?"

"Mshahara ndio huo unaoutafuta."

Wiki tatu alitafuta kwa bidii ya mwajiriwa, soli zikalika. Kisha, kwa kuwa ni mtu aliyezoea kusoma maandishi madogo, aliufikia ukurasa wa thelathini na saba: kila afisa ana haki ya likizo ya siku ishirini na nane. Akajaza fomu. Karani akatafuta kifungu cha kumkatalia, akakikosa, akagonga muhuri.

Habari hazina miguu, lakini zilifika. Kufikia Ijumaa maafisa wote wa mji walikuwa likizo. Mchora ramani alilala mchana, na kwa mara ya kwanza tangu kampuni ifungwe, hakuona haya.

Waziri wa Ajira alimfuata mwenyewe nyumbani, jasho likimchuruzika. Wageni wa heshima walikuwa njiani kuja kuona wananchi wakitafuta kazi.

"Ndugu yangu, rudi kazini. Taifa linakutegemea."

"Niko likizo, mheshimiwa."

"Kazi gani hiyo ya kuchukulia likizo?"

"Hata mimi nilimuuliza karani swali hilo hilo."

Baraza la mawaziri likakutana kwa dharura. Takwimu zilikuwa wazi: wasio na kazi, hakuna; wanaotafuta kazi, hakuna. Wizara ya Ajira ikapigiwa makofi kwa kumaliza tatizo, kisha ikavunjwa, ila ofisi za mtaa hakuna aliyekumbuka kuzifunga.

Likizo ilipokwisha, mchora ramani alimkuta waziri huyo wa zamani amesimama mbele ya karani.

"Uzoefu wako wa kutafuta kazi?"

"Sijawahi kutafuta. Ya kwanza nilipewa na mjomba. Nyingine zikafuata zenyewe."

"Hana uzoefu," karani aliandika. "Daraja la tatu. Utajifunza chini ya huyu bwana."

Mchora ramani alitaka kucheka, ila alimwona anavyoifunika beji kwa kiganja, na aibu hiyo aliijua. Akamchukua hadi mlango wa kwanza.

"Gonga. Siyo hivyo, unagonga kama mwenye nyumba. Taratibu. Wakikufukuza, sema ahsante."

Waziri wa zamani aliinua mkono, akaushusha.

"Na wakiniuliza najua kufanya nini?"

Mchora ramani aliurudisha mkono huo mlangoni.

"Omba Mungu wasiulize."